Taa ya Onyo Ikiwaka Baharini: Namna ya Kuisoma Injini ya Boti Kabla Haijazimika

Boti inayotoka Mtongwe kwenda kuvua nje ya mwamba hupitia mlango wa Likoni, mahali ambapo hakuna nafasi ya kukosea. Feri zinavuka kati ya Likoni na kisiwa usiku na mchana, meli za mizigo zinaingia na kutoka Bandari ya Kilindini, na maji yanapokupwa mkondo huvuta kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Injini ikizimika hapo, nahodha hana muda wa kuanza kujifunza. Ndivyo ilivyo pia kwa boti za watalii upande wa Kisauni zinazotoka Nyali na Bamburi kufuata mapengo ya mwamba, na kwa vyombo vya Port Reitz, upande wa Changamwe, vinavyopita kati ya mikoko na njia ya meli.

Mara nyingi injini haizimiki ghafla. Huwa imetoa habari mapema: taa imewaka, honi imelia, au kasi imeshuka yenyewe. Tatizo ni kwamba habari hiyo husomwa vibaya. Wapo wanaoongeza mafuta wakidhani injini imechoka, na wapo wanaokata waya wa honi ili kelele iishe. Kelele huisha kweli, lakini kilichoisababisha kinaendelea, na mwishowe mwenye boti anajikuta na injini iliyokufa, au watu wanaoelea bila msaada.

Makala haya yanaeleza maana ya taa hiyo, mambo ambayo nahodha anaweza kuyachunguza mwenyewe, na wakati wa kuacha kazi na kumwita fundi.

Taa inasema nini

Injini za kisasa, zile zenye oili yake yenyewe kama gari, huwa na kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwa sensa za joto, oili, hewa na umeme. Kipimo kimoja kikitoka nje ya kawaida, kompyuta huwasha taa na mara nyingi huliza honi. Katika modeli kadhaa, oili ikikosa msukumo au joto likizidi, kompyuta pia huipunguza injini kasi hadi takriban mizunguko 2,000 kwa dakika. Huko kupungua si ubovu mpya. Injini inajilinda, na kasi inayobaki ni ya kukufikisha mahali salama.

Taa za onyo hazina uzito sawa. Taa ya oili na taa ya joto hazina mjadala: ukiendelea nazo kwa dakika chache unaweza kuua injini. Taa ya hitilafu ya jumla, ile yenye mchoro wa injini, ina maana pana zaidi. Inaweza kuwa waya uliolegea, betri dhaifu au sensa iliyoliwa na chumvi. Kwa taa hiyo pekee, ikiwa injini inavuma kawaida na maji ya kupoza yanatoka, punguza kasi, geuza chombo na urudi ufuoni. Usiendelee na safari.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hata ya kung'oa nanga. Unapowasha ufunguo, katika injini nyingi taa zote huwaka kwa muda mfupi na honi hulia mara moja, kisha vyote hunyamaza. Huo ni ukaguzi wa kawaida. Taa zisipowaka kabisa, usifurahi. Huenda taa imeungua au waya umekatwa, na siku injini itakapopata moto hakuna kitakachokuambia.

Kwanza chombo, halafu injini

Onyo likitokea, kazi ya kwanza si kufungua kifuniko cha injini. Punguza kasi. Tazama uko wapi, mkondo unakupeleka upande gani, na kama kuna meli, feri au mwamba karibu. Hakikisha kila aliyemo amevaa jaketi la kuokoa maisha. Ukiwa kwenye njia ya meli na injini bado inafanya kazi, toka kwanza kwenye njia hiyo kwa mwendo wa polepole. Ukiwa mahali penye kina kinachofikiwa na kamba yako, tia nanga.

Maji ya Mombasa hayasubiri. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na maji hayo yote hupita kwenye milango myembamba ya Likoni, Tudor na Mtwapa. Chombo kisicho na nanga husafiri mbali wakati nahodha ameinama juu ya injini. Kwa hiyo nanga yenye kamba ya kutosha ni sehemu ya vifaa vya matengenezo sawa na spana.

Baada ya hapo, chunguza mambo manne kwa mpangilio: maji, oili, petroli na umeme.

1. Maji ya kupoza

Tazama nyuma ya injini. Kuna mkondo mdogo wa maji unaoruka kutoka kwenye tundu, ule ambao mafundi husema injini "inakojoa". Mkondo wenye nguvu na maji ya uvuguvugu ni dalili njema. Mkondo dhaifu, unaokatika, au unaotoa mvuke ni dalili ya joto kuzidi. Zima injini mara unapoona hivyo.

Inua mguu wa injini na utazame matundu ya kuvutia maji yaliyo karibu na rafadha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, lakini nailoni, nyavu zilizokatika na mwani bado huelea kwenye hori na kuziba matundu hayo. Ondoa takataka kwa mkono, shusha mguu, kisha washa. Maji yakirudi kwa nguvu na taa ikazima, umepata sababu.

Kama matundu yako wazi, jaribu kuchokoa tundu la kukojolea kwa waya laini. Chumvi na mchanga huliziba, na hapo injini inaweza kuwa inapoa vizuri ingawa maji hayaonekani. Ikiwa maji hayatoki hata baada ya hapo, shuku pampu ya maji. Ndani yake kuna gurudumu la mpira lenye mbawa, ambalo mafundi huliita impela. Mchanga hulisaga, na likizunguka bila maji hata kwa muda mfupi, mbawa zake huungua na kukatika. Vyombo vinavyopita kwenye maji haba ya Port Reitz na Tudor wakati wa kupwa, rafadha ikichimba tope, humaliza impela upesi zaidi.

Mshukiwa wa tatu ni themostati, mlango mdogo unaofunguka kwa joto ili kupitisha maji. Katika injini nyingi za boti huanza kufunguka kwenye nyuzi joto kati ya 50 na 60. Chumvi ikiugandisha, maji hayapiti. Fundi anaweza kuupima ufuoni kwa kuutia kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto: usipofunguka, ubadilishwe.

Jambo moja la hatari: usimwagie injini iliyopata moto maji baridi ya bahari. Chuma cha moto kikipoozwa ghafla kinaweza kupasuka. Iache ipoe yenyewe.

2. Oili

Zima injini, iweke wima, subiri dakika chache oili ishuke, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe na ukitoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya mwisho, ongeza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Baharini ni vigumu kupima sawasawa kwa sababu chombo kinayumba, kwa hiyo pima mara mbili au tatu.

Rangi nayo ina habari. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli imechanganyika na mafuta. Hali zote mbili ni za fundi.

Ikiwa kiwango ni sawa lakini taa ya oili inawaka tena mara tu unapowasha, usiendelee kujaribu. Huenda pampu ya oili haisukumi, na kila jaribio linasaga vyuma bila ulainisho. Omba kuvutwa. Kuvutwa hadi ufuoni hakulingani na gharama ya kununua injini nyingine.

3. Petroli

Injini inayokohoa, inayokosa nguvu unapoongeza mafuta, au inayozima na kukubali kuwaka baada ya muda, mara nyingi ina tatizo la petroli. Anza na lililo rahisi: fungua kizibo cha hewa kwenye tangi. Kizibo kikisahauliwa kikiwa kimefungwa, petroli inatoka mwanzoni, halafu inagoma kwa kukosa hewa.

Kisha minya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa petroli. Ikiwa imebonyea na hairudi, kuna kizuizi kati yake na tangi. Ikiwa haijai hata ukiiminya mara nyingi, mafuta yameisha au mpira unavuta hewa mahali fulani. Ikiwa injini inapata nguvu kila unapoiminya, basi petroli haifiki ya kutosha, na kuiminya polepole kunaweza kukufikisha nyumbani.

Adui mwingine ni maji ndani ya petroli. Hutoka kwenye jerikeni iliyoachwa wazi kwenye mvua, au kwenye unyevu unaoganda ndani ya tangi lisilojaa. Chukua chupa angavu, mimina petroli kidogo kutoka chini ya tangi, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mpaka kati ya viwili utaonekana wazi. Injini nyingi zina kichujio chenye kikombe kinachotenganisha maji, na baadhi yake huliza honi kikombe kikijaa. Kimwage ndani ya chombo, si baharini, kisha ukirudishe.

Wakati wa kazi hii yote, hakuna sigara wala jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini ya sakafu ya boti, ambako cheche moja inatosha.

4. Umeme

Ikiwa injini ilizimika papo hapo kama taa iliyozimwa ukutani, tazama kwanza kamba ya usalama inayofungwa kwenye mkono au kiuno cha nahodha. Ikichomoka, injini huzima na haiwaki hadi irudishwe. Safari nyingi za fundi kwenda ufuoni huishia kwenye kamba hii.

Halafu tazama vichwa vya betri. Unga wa kijani au mweupe na nati zilizolegea hupunguza umeme unaofika kwenye kompyuta, nayo huwasha taa ya hitilafu ingawa injini yenyewe ni nzima. Zima injini kabla ya kugusa nyaya hizo. Kuchomoa betri wakati injini inanguruma kunaweza kuunguza kompyuta. Kwa mwenye kipimo cha umeme, betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 au chini yake wakati injini inafanya kazi, betri haichajiwi.

Nambari za hitilafu

Mambo manne yakiwa sawa na taa bado inawaka, zamu ni ya nambari. Kompyuta huhifadhi kila hitilafu kwa nambari yake. Baadhi ya injini huionyesha kwenye mita, nyingine huhesabiwa kwa taa inayomweka, na nyingine huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Kwa mfano, katika injini nyingi za Yamaha zenye kompyuta, nambari 15 inahusu sensa ya joto na nambari 19 inahusu nguvu ya betri. Kila kampuni ina orodha yake, hivyo kitabu cha injini kisitupwe wala kuachwa nyumbani. Kitiwe kwenye mfuko usioingia maji na kikae chomboni.

Nambari inataja njia, haimtaji mwenye kosa. Nambari ya sensa ya joto haimaanishi kwamba sensa imekufa. Huenda plagi ya waya wake imejaa chumvi, au waya umekatika, au injini kweli ina moto. Mwenye boti anayekimbilia kununua sensa mpya kwa sababu ya nambari pekee anaweza kutumia pesa nyingi na taa ikabaki pale pale. Mwambie fundi asafishe na kupima plagi na nyaya kwanza. Andika pia taa ilivyowaka: ilikuwa asubuhi injini ikiwa baridi au baada ya saa nzima, kwa kasi kubwa au ndogo, honi ililia au haikulia. Maelezo hayo humpunguzia fundi nusu ya kazi.

Mfano wa uchunguzi

Tuseme boti ya watu wanne imetoka Timbwani alfajiri. Nahodha akifungua mafuta yote, honi inalia na kasi inashuka. Akipunguza, baada ya muda honi inanyamaza. Akiongeza tena, inalia tena.

Anatoka kwenye njia ya meli na kutia nanga. Oili iko kati ya alama. Pampu ya petroli ni ngumu kama kawaida. Lakini maji ya kupoza yanatoka kama uzi. Anainua mguu na kukuta kipande cha nailoni kimefunika tundu moja la kuvutia maji. Anakiondoa, anawasha, maji yanarudi lakini si kwa nguvu ya jana.

Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo, kwa sababu honi imenyamaza na samaki wako nje. Nahodha mwenye busara anarudi Timbwani kwa mwendo mdogo. Nailoni ilikuwa sababu ya leo, lakini mkondo dhaifu unasema impela imeumia ilipokuwa ikizunguka bila maji ya kutosha. Akienda nje ya mwamba nayo, itakatika huko huko. Hasara ya siku moja ya kuvua hulipika kesho yake.

Injini zisizo na taa

Wavuvi wengi bado hutumia injini za kuvuta kamba, zile zinazochanganywa oili na petroli. Nyingi hazina kompyuta wala taa, na onyo lake ni la macho, masikio na pua: maji yaliyopungua, harufu ya rangi inayoungua, sauti inayogongagonga, au nguvu inayoshuka bila sababu. Utaratibu wa mambo manne ni ule ule, isipokuwa oili. Hapa oili iko ndani ya petroli, na kosa kubwa ni kukisia mchanganyiko.

Injini nyingi za aina hii zilizokwisha kuzoea kazi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Kwa jerikeni ya lita 20, hiyo ni mililita 400 za oili, na kikombe chenye vipimo ni bora kuliko jicho. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za boti, yenye alama TC-W3. Oili ya bodaboda si mbadala wake.

Kinga iliyo nafuu

Chumvi ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi zilizotajwa hapa. Baada ya safari, endesha injini kwa dakika 10 hivi ikivuta maji baridi yasiyo na chumvi. Pasipo na bomba, pipa lililojaa maji hadi juu ya matundu ya kuvutia linatosha, injini ikiwa haimo kwenye gia na rafadha ikiwa imetolewa. Onja maji kwanza, kwa kuwa baadhi ya visima vya karibu na ufuo vina chumvi.

Badilisha oili ya injini kila baada ya saa 100 za kazi, na injini mpya baada ya saa 20 za kwanza. Boti inayofanya kazi kila siku ibadilishwe impela angalau mara moja kwa mwaka, ikiwezekana kabla ya kusi kuanza kuvuma, kwa kuwa huo ndio msimu ambao bahari haisamehi injini dhaifu.

Ukihitaji msaada

Katiba ya mwaka 2010 iliweka uvuvi miongoni mwa majukumu ya kaunti, na kiungo cha karibu zaidi na mvuvi ni kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, kwenye bandari yake ndogo. Waachie viongozi wa BMU habari kabla ya kutoka: idadi ya watu, mnakokwenda na saa ya kurudi. Msako huanza mapema pale ambapo kuna mtu anayejua kwamba umechelewa.

Kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilicho Mombasa, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, kimekuwapo tangu 2006. Kwa redio ya baharini, tumia mkondo wa 16. Kwa simu, piga 999 au 112. Piga mapema, wakati betri ya simu ingali na moto na ufuo ungali unaonekana.

Kumbuka

• Taa zisipowaka kabisa unapowasha ufunguo, usitoke.
• Onyo likitokea: punguza kasi, toka njia ya meli, vaeni jaketi, tia nanga.
• Chunguza kwa mpangilio: maji, oili, petroli, umeme.
• Taa ya oili au ya joto ikiendelea kuwaka, zima injini na uombe kuvutwa.
• Usikate waya wa honi.